Likizo ya kabwela yaanzia mlangoni pa Shauri Moyo

Likizo ndiyo hiyo yabisha hodi. Watoto wafunga shule, na ikiwa wewe, msomaji, ni mkazi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi kama mimi, basi nalijua swali linalokukosesha usingizi: utawapeleka wapi, na kwa pesa zipi?

Sisi wa Shauri Moyo tuna kichekesho chetu. Usiku wa manane, mafundi wa jua kali wa Kamukunji wakishaweka nyundo zao chini na soko la Burma likishafungwa, ndipo husikika vizuri honi na sauti za makanga kutoka kituo cha Machakos Country Bus. Kitui! Busia! Kisii! Kakamega! Kituo hicho, ambacho wenye mzaha hukiita Machakos Airport, tunakifikia kwa miguu. Naam, nchi yenye zaidi ya kilomita 580,000 za mraba inaitwa jina kwa jina mlangoni petu, nasi tumejifunika blanketi. Na tukipanda basi, mara nyingi ni kwa sababu kuna jeneza linalotutangulia.

Hata jina la mtaa wetu lina habari ya safari ndani yake. Nyumba za Shauri Moyo zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikikibomoa kijiji cha zamani cha Pangani na kuwahamishia wenyeji wake huku. Wazee husimulia kwamba walipotakiwa kuamua kuhama au kubaki, walijibu kuwa hilo ni shauri la moyo wa kila mtu. Sijui hao wazee walikuwa na hiari kiasi gani.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika reli. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakipewa pasi ya kusafiri na jamaa zao bila nauli, na kila Desemba sisi tuliingia daraja la tatu, watoto watano, vikapu, kuku wawili, tukaelekea magharibi. Pasi ya baba ilijua upande mmoja tu: nyumbani, kwa akina babu. Kila mwaka alimwambia mama, "Mwakani nitawapeleka Mombasa." Mama, aliyekuwa akiuza matumbo na vichwa vya mbuzi pale Burma, aliitikia tu na kuendelea na kazi yake. Mwakani haikufika. Baba alistaafu, akaugua, akafa, na mama akazeeka bila kuiona bahari.

Mwaka wa 2019 nikajitutumua kulipa deni hilo. Nilinunua safari ya siku tatu Mombasa, iliyotangazwa kwa picha za minazi, kila kitu ndani yake. Tulisafiri kwa basi la usiku. Mama alifika miguu imevimba kama mihogo. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili tulizungushwa kwenye gari, dakika ishirini hapa, dakika ishirini pale, na bahari akaionea dirishani mwa chumba cha hoteli alichoogopa hata kukikalia kitanda chake kwa jinsi shuka zilivyokuwa nyeupe. Siku ya tatu tukafungasha. Januari ilipoingia, karo ya watoto ilikuwa imekwisha kuliwa na minazi, nami nikawa mgeni wa kila siku katika afisi ya mkopo.

Kosa halikuwa la Mombasa. Kosa lilikuwa langu, la kutaka kununua nchi kwa haraka. Kwa hivyo nilipojaribu tena, nilikaa na kalamu nikapiga hesabu za mtu maskini, nikagundua jambo ambalo huenda wewe umeligundua zamani. Nauli ndiyo inayomkaba kabwela. Ukishailipa umeilipa, ukae siku moja au siku kumi. Chakula utakula hata ukibaki nyumbani. Gesti ya mji mdogo, ukimwambia mwenyewe kwamba utakaa wiki nzima, hupunguza bei bila matusi. Mimi nimewahi kuteremshiwa kutoka Sh800 hadi Sh500 kwa usiku. Basi anayekimbia miji minne kwa siku nne ndiye anayefuja, ilhali anayekaa mji mmoja kwa siku saba ndiye mwenye kubana matumizi. Isitoshe, siku ya tatu watu huanza kukusalimu kwa jina.

Agosti 2023 tuliondoka tena: mama, mke wangu, watoto wawili wadogo na mimi. Safari hii tulipanda treni ya Madaraka, ile ya saa mbili asubuhi inayosimama njiani. Msomaji, usiichanganye na ile inayokwenda moja kwa moja. Hii ya asubuhi husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na vituo vingine, na hilo ndilo tunalolitaka. Ili kuifikia stesheni ya Syokimau bila gharama za teksi, sisi tulipita Muthurwa kwa miguu hadi stesheni kuu ya jijini, tukapanda treni ndogo ya kuunganisha. Fika mapema. Mizigo hupangwa sakafuni kwa foleni, mbwa wa polisi wakaipitia wakinusa, na mama hakupenda hata kidogo pua ya mbwa ikikaribia kikapu chake cha chapati. Usibebe kisu wala mafuta ya taa. Sisi tulisafiri kabla nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa haijapandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024. Ukishukia njiani unalipa pungufu, na mtoto wa kati ya miaka 3 na 11 hulipiwa nusu.

Baada ya Mtito Andei reli inapita katikati ya mbuga za Tsavo, Mashariki upande mmoja, Magharibi upande wa pili. Watalii hulipa maelfu kuingia humo. Mama alikuwa amekaa dirishani, na tulipopita kundi la ndovu wenye rangi ya udongo mwekundu, alishika mkono wa mjukuu wake asiseme neno. Kisha akauliza kama hao ni wa serikali.

Tulishukia Voi. Wengi husema Voi ni mahali pa kunywea chai tu. Hawajui kwamba kutoka hapo matatu hupanda milima ya Taita, kupitia Mwatate, kona juu ya kona, mpaka Wundanyi. Chini ni joto na vumbi na mibuyu. Juu ni ukungu, kabeji, migomba na mito inayoporomoka kati ya mashamba ya matuta. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208, nasi tuliotoka Nairobi tukijidai kuzoea baridi tuliishia kununua sweta za mitumba sokoni. Sweta hizo, nadhani, zilitoka Gikomba, hatua chache kutoka kwetu.

Hapo tulikaa siku sita. Utafanya nini Wundanyi siku sita? Utatembea. Msitu wa Ngangao una ndege ambao hawapatikani popote duniani ila katika milima hiyo. Kuna mapango ambamo Wataita wa kale walihifadhi mafuvu ya wazee wao. Usiende peke yako, mwombe mwenyeji akuongoze, na ukifika usiguse kitu. Utakula kimanga, chakula kizito ambacho mtu hakili kisha akataka cha usiku. Lakini zaidi ya yote utakaa. Mama yangu, mtu wa soko, siku ya pili alikwisha pata benchi lake kati ya wauza mboga. Alishangaa bei ya kabeji, akalaumu jinsi walivyozipanga, akazipanga upya, na mwenye kibanda akamwachia biashara akaenda kunyonyesha. Jioni alirudi gestini akiwa na mkungu wa ndizi kama mshahara. Nilitambua kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona mama akicheka na watu ambao hawamdai wala hawadai.

Tulipoteremka Mombasa kwa basi, miguu yake ilikuwa mizima. Mji wa Kale ni wa kutembea, haulipishwi. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ina kiingilio, lakini ukitaka kukaa tu ukatazama meli zikiingia, nenda bustani ya Mama Ngina. Feri ya Likoni haimtozi chochote mtu wa miguu. Ndiyo safari ya majini ya bure pekee ninayoijua, na watoto wangu waliivuka mara nne kwa siku moja, wakienda na kurudi, mpaka mlinzi akaanza kuwatilia shaka.

Sisi hatukukaa kisiwani. Kutoka Likoni tulichukua matatu ya barabara ya Lunga Lunga, tukashukia njia panda ya Shimoni, na kuendelea hadi kijiji hicho cha wavuvi karibu na mpaka wa Tanzania. Jina lake latokana na pango lililoko hapo, ambalo wenyeji husimulia kuwa watumwa walifungiwa ndani yake wakingoja majahazi. Ng'ambo ya pili ni kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja. Panda mashua ya wenyeji, si ile ya watalii, bei zake ni mbingu na ardhi. Huko Wasini kikundi cha akina mama kimetengeneza njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na bustani ya mawe ya matumbawe. Wanatoza kiingilio kidogo nacho chawasaidia wao wenyewe. Vaa kwa heshima, kwani hicho ni kijiji cha Waislamu wala si ufuo wa hoteli. Na sikiliza Kiswahili chao. Mtu wa Shauri Moyo akisema mbele ya Wavumba hujiona kama aliyevaa viatu mguu usio wake.

Kabla ya safari hiyo ya pwani, Aprili 2022, nilikuwa nimekwenda ziwani na kijana wangu wa kwanza. Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Kamukunji.

Treni ya abiria ya Kisumu ilikuwa imekufa kwa miaka kadhaa, ikafufuliwa Desemba 2021 katika reli ile ya zamani iliyofika ziwani mwaka 1901. Safari zake huwa si za kila siku, na mvua kubwa huzisimamisha, kwa hivyo ulizia stesheni kabla hujawaahidi watoto. Sisi tuliondoka Ijumaa jioni. Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni: nilimtajia kijana majina ya stesheni kabla hatujazifikia, kwa kuwa baba alinifundisha gizani katika daraja la tatu. Ni treni ya polepole kweli kweli. Anayetaka haraka kuna mabasi.

Kisumu tulilala siku mbili, tukala samaki Dunga, kisha tukapanda matatu hadi Luanda K'Otieno. Huko kuna feri inayokata ziwa hadi Mbita kwa muda wa kama saa nzima, na kutoka Mbita daraja linakuvusha hadi kisiwa cha Rusinga. Boda boda hukizunguka kisiwa chote. Ufuoni wavuvi wameanika omena juu ya nyavu kuukuu, na vilimani ndiko Mary Leakey alikogundua fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka takriban milioni 18 iliyopita.

Lakini wewe wa Shauri Moyo utafuata kaburi. Tom Mboya amezikwa huko, katika jengo lenye umbo la risasi. Alikuwa mbunge wa Nairobi ya Kati, eneo ambalo leo ndilo Kamukunji, na kabla ya siasa alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969 katika barabara ambayo sasa ni Moi Avenue, akiwa hajatimiza miaka 39. Kijana wangu hupita sanamu yake mjini karibu kila juma. Siku ile alisimama mbele ya kaburi akaniuliza, "Kwa hivyo huyu alikuwa mtu wa mtaani kwetu?" Nikamwambia ndiyo. Tulikaa pale kivulini mpaka jua likashuka, na mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akatusimulia mazishi jinsi alivyoyaona utotoni. Hayo hayapatikani kwa mwenye dakika ishirini.

Tahadhari za ziwani ni tatu. Usioge penye matete na maji yaliyotulia, kwani kichocho hukaa humo. Jioni kaa mbali na ukingo, viboko hutoka kula majani. Na usikubali chumba kisicho na chandarua.

Najua wapo watakaosema hata hayo yamewazidi. Basi pandeni gari la Machakos, alfajiri kwenda na usiku kurudi. Mji huo ulikuwa kituo cha serikali ya Waingereza kabla Nairobi haijazaliwa mwaka 1899. Nje ya mji, katika kilima cha Kituluni, kuna mahali barabarani ambapo maji yakimwagwa huonekana yakipanda mlima badala ya kuteremka. Vijana wa hapo watakumwagia chupa moja kwa pesa kidogo. Mke wangu asema ni macho yetu tu yanayodanganywa na mteremko. Mimi nilifurahi kudanganywa. Nanyuki nayo ina mstari wa ikweta, ambapo utaonyeshwa karai la maji likizunguka kulia upande huu na kushoto upande ule. Hilo msilipie. Hatua chache haziwezi kuyabadilisha maji katika karai, huo ni ufundi wa mkono wa mwenye kumwaga. Tazameni Mlima Kenya asubuhi kabla haujavaa mawingu, ni bure. Msitu wa Kakamega ningeuandikia ukurasa wake peke yake, nao nitauacha kwa siku nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu pesa. Usisafiri wiki ya Krismasi. Kuanzia karibu tarehe 18 Desemba nauli hupaa, na yule makanga anayekubembeleza mwezi wa Novemba hatakutambua. Nenda mara tu shule zinapofungwa, au likizo ya Agosti kama tulivyofanya. Weka nauli ya kurudi mahali ambapo mkono wako hauwezi kufika kwa urahisi; mama hufunga yake kwenye pindo la leso. Karo ya muhula ujao ilipe kwanza. Nimekwisha kukuonyesha ya kwangu yalivyokuwa.

Na bahari je? Aliiona. Shimoni, asubuhi ya kwanza, maji yalikuwa yametoka mbali na wavuvi wakitengeneza madema. Mama alivua viatu, akapandisha leso hadi magotini, akaingia taratibu huku mke wangu akimshika kiwiko. Akayaonja. Akatema. Akasimama hapo kwa muda mrefu hata watoto wakachoka kumwita, na alipotoka hakusema lolote juu ya bahari. Alisema tu, "Mzee wenu angelalamikia chumvi."

Alirudi na chupa ya soda iliyojaa maji hayo. Mpaka leo imekaa juu ya kabati, hapa Shauri Moyo, na mwenzake yeyote wa zamani wa Burma akija kumsalimu hulazimika kuchovya kidole na kuonja. Juma lililopita alinitazama akiwa ameshika chupa hiyo, akaniuliza ile treni ya Kisumu huondoka siku gani, na kama huko Rusinga pana soko.